Aliyeita Majina Matangani

Kila asubuhi, kabla ya kuongea na mtu yeyote, Maman Annonciata alisimama mlangoni kwake na kikombe cha maji ya moto yenye tangawizi na chumvi kidogo. Akimeza funda moja, anaita jina moja. Hakupaza sauti. Alikuwa anaita nyumba za avenue yao ya Kadutu, kule Bukavu, kuanzia chini kwenye mtaro mpaka juu kabisa kwa fundi wa saa: kwa Papa Fabien, kwa mjane wa posta, kwa bale ba mandazi, kwa Cishahayo. Nyumba kumi na saba. Nyingine zilishabomolewa na mvua, nyingine wenyewe walishakufa, lakini hakuruka hata moja. Akimaliza anamwaga machicha ya tangawizi kwenye bustani yake ndogo, na siku inaanza.

Sisi majirani tulisikia yote, maana kati ya mlango wake na wetu ni hatua tano. Mi sijawahi kuona Bukavu, ila avenue ile naweza kukupeleka macho yamefungwa.

Sauti ile njo ilikuwa kazi yake, kazi isiyo na mshahara. Kwetu mtu akifa, watu wanakuja matangani na kitu mkononi. Huyu kuni, huyu kopo la unga, huyu bahasha, na asiye na kitu anabeba viti vya kukalia wengine. Zamani, bamama wanasema, mtangazaji alisimama na kutaja jina pamoja na kitu: fulani, mfuko mzima wa unga, fulani, chumvi. Aliyeleta chumvi anainamisha kichwa, na siku nyingine haji tena. Maman Annonciata alipofika Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, akabadilisha. Aliweka beseni kubwa kwenye mlango wa wafiwa, akalifunika kitenge. Mkono wako unaingia chini ya kitenge, unaacha ulichonacho, unatoka. Vitu vya kubeba mgongoni vinapelekwa nyuma ya nyumba. Saa kumi anasimama na kuita majina tu, kwa jinsi watu walivyofika. Nani kaleta nini, hasemi. Mwenye duka na mwenye fungu la kuni wanaitwa kwa sauti moja, kwa urefu mmoja, na kila jina watu wote wanajibu, "Aksanti."

Kwa hiyo hata mtu mwenye mikono mitupu hakuogopa kuja kulia.

Maman Annonciata alikaa na mama yake, Koko M'Cishahayo, yaani binti Cishahayo, maana kwa Bashi, kabila lao, mwanamke hata akizeeka anabaki na jina la baba. Macho ya Koko yalikuwa yamefifia. Alichotamani duniani ni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Maman Annonciata alimnunulia usipa, samaki wadogo wa ziwa la huku, akamkaangia na nyanya, akamwekea na nsima, ugali wa huku.

"Hii haiko sambaza," Koko alisema, anatafuna. "Ni binamu yake. Banafanana sura, tabia hapana."

"Kula, mama."

"Si niko nakula? Na ziwa letu iko upande gani?"

Maman Annonciata alimshika mkono na kuunyoosha juu ya mahindi, kule milima inakoanzia. Koko aliuacha mkono pale hewani muda mrefu, kama mtu anayepima joto la chungu bila kukigusa. Kisha akaurudisha kwenye sahani.

"Najua sitafika," alisema. "Basi munizike pahali bantu banapita banasema luga yangu. Nisilale kati ya bageni."

"Hautalala kati ya bageni, mama. Nimesema."

Hayo maneno niliyasikia mara nyingi. Maman Annonciata alikuwa akiyajibu vilevile kila siku, bila kuchoka.

Mwaka ule kulikuwa na siasa pande zote. Wenyeji walikuwa na uchaguzi wao, na sisi kambini tulikuwa na wetu mdogo, wa kiongozi wa jumuiya ya Wakongomani. Mdogo, lakini huyo kiongozi njo anaandika barua: ya kuomba meza sokoni, ya kuonyesha kwamba unajulikana, ya kila kitu. Matangani wanaume walikaa kwenye mabenchi na kuhukumu wanasiasa wa dunia nzima.

"Mwanasiasa muzuri anakula nyama, anakuachia mufupa," alisema Papa Hubert, aliyekuwa mwalimu kule Bukavu.

"Na mubaya?"

"Mubaya anakula na mufupa, halafu anakuuliza sahani umeweka wapi."

Walicheka, halafu wakakumbuka wako kwenye kilio, wakashusha sauti. Mmoja akamgeukia Maman Annonciata. "Na wee, maman? Ukipewa kupima mutu wa siasa, unapima na nini?"

Alikuwa anakunja kitenge cha beseni. "Naangalia kitu kimoja. Kama anaweza kuleta kitu na asiseme."

"Basi umebafukuza bote!"

"Mi sikufukuza mutu. Mi nilikuwaka wa kwanza kudanganyika."

Akawaeleza, na mi nilikuwa nimekaa karibu na moto nikasikia. Kule Kadutu mgombea mmoja alikujaka na pagne, yaani kitenge, yenye sura yake. Akamwambia: maman, uko na sauti, niitie bantu, nitaleta bomba ya maji. Maman Annonciata akavaa ile pagne, akapita avenue nzima akiita nyumba kwa nyumba. Watu wakatoka. Mtu yule akashinda uchaguzi, akaenda Kinshasa, na bomba haikufika.

"Yeye alienda," alisema. "Mi nikabaki. Kila nikipita na bidon ya maji, mutu anauliza: Annonciata, bomba yako iko wapi? Yake hapana. Yangu! Ule mutu alitoa pagne moja, akapata avenue nzima. Na avenue ilikuwa yangu."

Papa Hubert alisema pole, kama vile kuna mtu amekufa mwingine.

Kwenye uchaguzi wetu, mgombea mwenye nguvu alikuwa Josué, kijana wa Uvira mwenye duka la simu. Mtu mpole, anasalimia hata watoto. Lakini kila mtu alijua nyuma yake kuna Raphaël, mfanyabiashara anayekaa Lilongwe, mtaa wa Area 49, ambaye alikuwa anamlipia tisheti, muziki na gari, pikapu nyeupe. Raphaël hakutaka kuwa kiongozi. Alitaka kujua barua za meza za soko zitaandikwa na mkono wa nani. Wiki mbili nzima pikapu ile ilizunguka kambini na spika juu, vijana nyuma wanarushia watoto biskuti kutoka kwenye makasha. Watoto walijua mlio wa injini yake kabla haijatokea.

Vijana wa Josué walikuja kwa Maman Annonciata mara tatu. Waliomba aimbe, halafu aongee tu, halafu asimame tu pembeni. Mara ya tatu aliwapa chai na kuwaambia, "Sauti iko ya bale balikufa. Mukikufa nitabaita na nyinyi, bila bei."

Walitoka wakicheka, lakini mmoja alijipiga ishara ya msalaba.

Mahindi yalipofika kifuani, Koko alianza kukohoa. Walimpeleka hospitali kubwa ya Lilongwe, na Mama Orpa, jirani yetu muuza kuni, akaenda kusaidia. Haya ya Lilongwe ni yeye aliniambia, na Mama Orpa hajui kusema uongo, anasahau haraka mno. Koko alikaa siku sita. Alhamisi asubuhi aliuliza ziwa liko upande gani. Kule wodini Maman Annonciata hakujua pande, akanyoosha mkono wa mama yake kuelekea dirishani. Koko alikufa mkono ukiwa hivyo.

Shida ikawa kumrudisha. Chama chetu cha kuzikana kilikuwa kimezika watu wawili mwezi ule, hakukuwa na kitu. Magari ya getini yalitaja bei ya kumtajia mtu mwenye ghorofa. Mtu akawaambia wazike hapohapo Lilongwe, makaburi yapo, ni watu wema. Maman Annonciata akajibu, "Nimesema hatalala kati ya bageni." Mwingine akawaambia wajaribu Capital Hill, kwenye ofisi za serikali. Wakapanda kwa miguu, jua la saa sita, wakafika kwenye ofisi moja ambapo mama mmoja dirishani aliwapa pole kwa moyo kabisa na kuwaambia waandike barua, warudi Jumatatu.

Walikaa kwenye ukingo wa barabara. Magari ya wakubwa yalikuwa yanatoka kwenda kula, moja nyuma ya lingine, vioo vimefungwa. Mama Orpa anasema Maman Annonciata aliyaangalia muda mrefu, bila hasira.

"Kila moja ya hizi," alisema, "ingemubeba mama."

Njo hapo simu ya Mama Orpa ikalia. Ni Josué, anamtafuta Maman Annonciata.

"Maman, nimesikia. Pole sana. Gari iko njiani."

"Josué, nitakulipa na nini?"

"Hakuna kulipa. Wee ni mama yetu. Na usiseme kitu kwa mutu."

Mama Orpa anasema Maman Annonciata alilia pale kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nafikiri alilia kwa yale maneno ya mwisho.

Gari lilipofika pale hospitali, lilikuwa ile pikapu nyeupe. Sura ya Josué kwenye milango yote miwili, kubwa kama meza, anacheka meno yote, na chini imeandikwa MTOTO WENU. Maman Annonciata alisimama.

"Ondosha ile," alimwambia dereva.

Dereva alikuwa Mmalawi, mtu mzima, kofia mkononi. "Pepani, amayi," alisema, yaani samahani, mama, akakwaruza pembeni kwa ukucha kumwonyesha. "Gundi."

Maman Annonciata angeweza kukataa. Najua alifikiri kukataa, kwa sababu Mama Orpa anasema alirudi hatua mbili. Lakini mama yake alikuwa ndani, kwenye sanduku la mbao ambalo bado lilinuka maranda, na aliahidi. Akavua kitenge cha mabegani, akakibana kwenye mlango mmoja kufunika ile sura. Mama Orpa akafunika mlango wa pili na cha kwake. Wakapanda nyuma, wakakaa pembeni ya sanduku. Kabla hawajaacha lami, upepo ulikuwa umekwisha kuchukua kile cha Mama Orpa.

Mi nilikuwa kwenye pampu ya maji. Nilisikia injini, na watoto wakaisikia pia. Walitoka kila mlango, mbio, vumbi, wanaimba wimbo wa kampeni: "Josué! Josué! Biskuti!" Walifuata gari, wakarukia nyuma, wakashika ubao. Mmoja mdogo, wa miaka kama mitano, akanyoosha mkono akagonga sanduku.

"Leo kasha iko kubwa!" alipiga kelele kwa wenzake. "Leo kasha iko kubwa!"

Watoto wote wakashangilia.

Maman Annonciata alikuwa amekaa na kiganja juu ya kifuniko. Hakuwafukuza. Alimwangalia tu yule mtoto, kama anayejaribu kukumbuka jina lake. Mama Orpa ndiye aliruka chini na kandambili mkononi, na dereva akazima gari katikati ya njia. Ndipo watoto wakaona. Mmoja alivua kofia. Wengine walibaki na mikono imenyooshwa, hawajui pa kuiweka.

Tulimzika Koko Ijumaa asubuhi, kwenye makaburi yetu, karibu na njia ambapo watu wanapita wakiongea Kiswahili na Kishi na Kifuliiru. Hilo alilipata.

Saa kumi ikafika, na mfiwa hapaswi kuita majina ya kilio chake mwenyewe. Wakamsimamisha Papa Hubert. Jina la tatu sauti ikamkatika kama ya jogoo mdogo, watu wakaguna. "Mwalimu, rudi darasani," mmoja alisema taratibu. Basi Maman Annonciata akainuka kwenye mkeka.

Aliita kama siku zote. Mama Orpa. Aksanti. Jeannette. Aksanti. Papa Sinzinkayo. Aksanti. Charlotte, yule mama wa mboga ambaye hana hata meza, anatandaza gunia. Aksanti. Halafu akafika kwa aliyefuata, na kwa sheria yake mwenyewe hakuweza kumruka. Angemruka, huko kumruka kungemtangaza kuliko kumwita.

"Josué," aliita. Urefu uleule.

Watu wakajibu aksanti, lakini nyuma vijana wa tisheti wakapiga makofi, na simu zikawa tayari juu. Josué alisimama, akaweka mkono kifuani. Nilikuwa namwangalia usoni. Alikuwa na machozi ya kweli. Mpaka leo sijui nimweke wapi.

Kesho yake video ya mazishi ilikuwa kwenye simu zote. Sanduku linashushwa, bamama wanalia, halafu sauti ya Maman Annonciata: "Josué." Wakairudia mara tatu, wakaiwekea ngoma chini. Maandishi: HATA WAFIWA WANAMJUA.

Maman Annonciata alienda dukani kwa Josué, na mi nilikuwa nimetumwa pale kuchaji simu ya nyumbani.

"Uliniambia nisiseme kitu," alisema.

"Na hukusema kitu, maman. Jina tu." Josué hakumwangalia. "Ni batoto ba kampeni. Na Raphaël aliona ni muzuri."

"Iondoshe."

"Imeshafika Lilongwe. Imeshafika mpaka Australie. Bintu bya simu, maman, habirudi."

"Basi sema mbele ya bantu kama gari haikuwa yako. Sema ni ya Raphaël, na sema anatafuta nini."

Josué alichukua kitambaa, akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa kisafi. "Ningefanya nini, nikuache na mama yako kule? Sema. Ningekuacha?"

Maman Annonciata akageuka, akatoka bila kuaga. Hilo swali mi bado nalibeba.

Jumamosi iliyofuata, siku ya uchaguzi, tulipanga mistari uwanjani, kila mtu nyuma ya mgombea wake, maana kwetu kura ni mgongo wako kuonekana umesimama wapi. Mstari wa Josué ulizunguka mpaka nje. Maman Annonciata hakuja uwanjani. Jioni bamama walipita mlangoni kwake wakifurahi: "Maman, tulifuata sauti yako!" Walifikiri wanamletea zawadi.

Josué alishinda. Barua anaandika, siwezi kusema haandiki. Za watu wa Raphaël anaandika kwanza. Charlotte alipeleka ombi la meza akaambiwa asubiri, akarudi kwenye gunia lake. Siku moja alipita kwa Maman Annonciata kuuza mchicha na kusema bila ubaya, kama mtu anayesema habari za mvua, "Meza yetu, maman, ilikwenda wapi?"

Nilimwona akishika mlango.

Wiki tatu baadaye akafa Papa Nduwimana, Mrundi aliyeshona viatu. Walimwita Maman Annonciata, akaja na beseni na kitenge. Lakini watu walishabadilika. Mwanaume mmoja alifika na mfuko wa unga begani, akakataa kuupeleka nyuma ya nyumba.

"Acha niweke hapa mbele. Nani iko na simu, anipige picha?"

Mwingine akaacha bahasha juu ya kitenge, siyo chini. Na wale wa kuni na chumvi nikawaona wamesimama mbali njiani, hawaingii. Charlotte alikuwa kati yao, amebeba fungu la mchicha limefungwa na uzi wa mgomba. Alitoa hatua moja, akarudisha.

Saa kumi Maman Annonciata akasimama. Aliita jina la kwanza.

"Ameleta nini?" mtu akauliza kutoka nyuma. Wachache wakacheka.

Aliita la pili.

"Na ule? Ameleta nini?"

Siyo kwamba walikuwa na ubaya. Ni vile walikuwa wanataka kujua tu, kama mtu anayetaka mwisho wa hadithi. Aksanti ilisikika kidogo, kwa bamama wa mbele. Alingoja mpaka kelele ishuke. Kisha akaangalia juu ya vichwa vyetu, kule njiani, akaita kwa sauti yake yote:

"Charlotte."

Watu wakageuka. Charlotte, aliyekuwa hajaweka kitu kwenye beseni, akaona macho yote yanamshukia yeye na mchicha wake. Halafu akageuka, akaenda, haraka, fungu limekumbatiwa kifuani.

Nafikiri Maman Annonciata alitaka kumwita arudi, lakini alikuwa ameshamwita. Akainama, akachukua beseni na kitenge chake, akampa Mama Orpa, aliyepokea bila kuelewa. Akatafuta kandambili zake kati ya viatu vya mlangoni, akavaa. Watu walimpisha.

"Maman, majina hayajaisha!" Papa Hubert aliita.

Yeye alipita pampu ya maji, akapita makaburini bila kusimama, ila alipunguza mwendo kidogo, halafu akashika njia ya kutokea kambini. Tulifikiri anamfuata Charlotte, kuomba msamaha. Mama Orpa alimwekea chakula siku mbili.

Kijana mmoja wa kabaza anasema alimbeba na baiskeli mpaka barabara kubwa. Alimlipa, akamwambia zikomo, aksanti ya huku, akasimama upande wa magari yanayopita Mponela kwenda mbali. Kijana alimuuliza anafika wapi. Alisema hajui bado, ila anataka pahali ambapo hakuna mtu anayejua sauti yake. Gari likaja, akapanda.